Re: Wanawake walipokea hadithi za mambo ya nyumbani tu?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama, ukimtoa Bibi Aisha, mke wa Mtume, wanawake walipokea (yaani walisimulia) hadithi za Mtume za mambo ya nyumbani tu. Hapana. Mtazame Amra binti Abdurrahman wa Madina, aliyelelewa na Bibi Aisha mwenyewe. Mpwa wake Abu Bakr bin Hazm, aliyekuwa kadhi, alimkamata mtu aliyeiba pete za chuma, akataka kumkata mkono. Amra akamtumia ujumbe: hakuna kukata mkono ila kwa kilichoibwa chenye thamani ya robo dinari (sarafu ya dhahabu) na kuzidi. Kadhi akamwachia yule mtu! Imo kwenye Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik. Na Khalifa Umar bin Abdulaziz alipoagiza hadithi ziandikwe, alizitaja za Amra kwa jina. Sasa hapo jiko liko wapi?