Farasi bahari wako ni aina gani hasa? Maswali na majibu

Nimenunua farasi bahari wa njano, muuzaji kasema ni wa aina ya kuda. Niamini?

Usiamini bado, na hiyo njano iweke pembeni kabisa. Hawa samaki wanabadilika rangi, wa njano leo anaweza kuwa wa kahawia mwezi ujao ukimhamishia kwenye tangi lenye vitu vyeusi au akiwa na stresi, afu aina nyingine kama reidi na erectus nao wanakuwa njano vizuri tu. Jina la kuda limeshabandikwa kila farasi bahari mwenye ngozi laini, yaani asiye na miiba, kwa hiyo lenyewe halikuambii kitu. Wewe angalia taji, kile kinundu cha juu ya kichwa. Taji la kuda ni fupi, la mviringo, limeinama kwa nyuma na mara nyingi juu yake kuna kishimo kama kikombe kidogo, halafu kichwa chake ni kinene na miiba imebaki vinundu butu tu. Ukiona hayo yote kwa pamoja ndo uanze kusema kuda, na hata hapo jua kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana kama kuda ni aina moja au ni kadhaa zimewekwa kapu moja.

Reidi na erectus siwezi kuwatofautisha, nisaidie.

Hili naulizwa kuliko yote, na wala halishangazi, maana wote wanatoka magharibi mwa Atlantiki na wote wanazalishwa sana matangini. Anza na mdomo. Piga picha ya ubavu, samaki akiwa amenyooka sambamba na kioo, upime kutoka ncha ya mdomo mpaka nyuma ya kifuniko cha matamvua, hicho ndo kichwa, kisha upime mdomo peke yake kutoka ncha mpaka kinundu kilicho mbele ya jicho. Gawa cha kwanza kwa cha pili. Reidi anakuja karibu na 2.2, erectus karibu na 2.7, maana yake mdomo wa erectus ni mfupi ukilinganisha na kichwa chake. Halafu angalia ngozi: erectus mara nyingi ana mistari myembamba myeupe inayofuata umbo la shingo, reidi ana vidoa vidogovidogo vimetapakaa mwilini na mwili wake ni mwembamba zaidi. Ila tafadhali usitumie hicho kipimo cha mdomo kumtenganisha reidi na kuda, hao wanaingiliana, hapo rudi kwenye taji na unene wa kichwa.

Na kama wako ana mistari ya shingoni, ana vidoa na mdomo uko katikati, huenda ni chotara, maana reidi na erectus wakiwekwa tangi moja wanaweza kuzaa pamoja. Ndo maana mimi nasisitiza sana msiwachanganye, kwa sababu vitoto vikishagawiwa watu huko mbele hamna anayejua tena ana nini.

Wangu ana miiba mingi. Ni barbouri au comes?

Mdomo una milia kama ya punda milia? Barbouri. Mkia ndo una milia iliyokolea, na kila shavu lina miiba miwili? Elekea kwa comes. Kama miiba ni mirefu sana na ncha zake nyeusi, na mdomo nao mrefu kweli, basi fikiria histrix. Angalizo moja, samaki mdogo wa karibu aina yoyote anakuwa na miiba mikali na taji refu kuliko mkubwa wake, so kama wako bado mdogo subiri akue kabla hujampa jina. Na vile vinyuzi vya ngozi vinavyoning'inia kichwani usivihesabu kabisa, vinaota na kupotea kwa samaki yuleyule.

Kuhesabu pete za mwilini, yaani zile duara ngumu zinazozunguka mwili wake, kunasaidia?

Kwa wale wanaouzwa zaidi, kidogo sana, wengi wana pete 11 kiwiliwilini na thelathini na kitu mkiani. Panaposaidia ni kwa abdominalis, huyu wa Australia na New Zealand, ana 12 au 13 kiwiliwilini na zaidi ya 40 mkiani. Hesabia kwenye picha, usimtoe majini akaja kumeza hewa.

Nina wawili, mmoja ana tumbo laini kwa chini mwingine hana. Ni aina mbili?

Hapana, huyo mwenye ngozi laini pale mkia unapoanzia ni dume, hicho ni kifuko chake cha kubebea mayai.

Kwani aina ina umuhimu gani kama wanakula na wanaonekana wazima?

Ina umuhimu mkubwa jamani. Abdominalis anafika sentimita 35 na anataka maji ya baridi, chini ya nyuzi 20 hivi, ukimweka kwenye nyuzi 24 na wa kitropiki unamuua taratibu. Na siku dume akizaa ndo utaelewa zaidi, maana vitoto vya reidi ni vidogo mno, vinaelea muda mrefu kabla ya kushika kitu kwa mkia na vinataka chakula hai kidogo sana, wakati vya barbouri ni vikubwa na vinashika mapema, kwa hiyo maandalizi ni tofauti kabisa. Pia farasi bahari wote wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu Mei 2004, biashara yao ya kimataifa inataka vibali, kwa hiyo muuzaji muulize kazaliwa tangini au kavuliwa baharini, na jina la kisayansi la wazazi wake. Mfugaji aliyewazalisha mwenyewe analijua.

Wangu ana sentimita mbili na nusu tu, ni mtoto?

Mwangalie kifuko. Akiwa nacho ni dume mzima, na kwa saizi hiyo kwenye matangi huyo karibu kila mara ni zosterae, aina ya farasi bahari wadogo sana, pete zake za kiwiliwili ni 9 au 10. Mpe artemia hai (vijidudu vya majini jamii ya kamba) kila siku, na tangi lake liwe dogo ili chakula kiwe karibu naye.