Tumbo Nililolilipia

Kutoka Nairobi hadi Kisumu ni kilomita zipatazo 350, na mimi nilizihesabu zote kwa mshono. Basi likikanyaga tuta, nashika tumbo kwa mikono miwili. Mau Summit, tuta. Kericho, tuta. Kufika Ahero nilikuwa nimeacha hata kuguna. Ilikuwa siku ya tisa tangu nipasuliwe tumbo kwa ajili ya urembo, nimevaa mkanda wa kubana kutoka chini ya matiti hadi mapajani, na baba watoto alijua natoka semina ya kazi Naivasha.

Mama mmoja aliyeketi kando yangu alinitazama mara mbili tatu, kisha akaniuliza taratibu, "Umejifungua, nyathina, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Safari yenyewe ilikuwa kosa. Baada ya upasuaji mkubwa, kukaa kitini saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu, na bonge hilo likipanda hadi mapafuni linaua. Nilikuja kuyasoma hayo kwenye simu nikiwa tayari nyumbani kitandani, jasho likinitoka.

Nilikuwa nimezaa mara mbili ndani ya miaka mitatu, wa pili akiwa na kilo 4.2. Tumbo likakataa kurudi. Uso ulikuwa uleule, mikono ileile, lakini mbele palibaki kama pana mtu ndani. Nikienda kwetu Nyakach naambiwa nimenona, Kisumu kumenikubali. Kwenye chama mjini naambiwa nimejiachilia. Mwili mmoja, wiki moja. Haya yote ningeyavumilia, kama si matatu za Kondele. Makanga anapaza sauti, "Mpisheni mama mjamzito akae!" Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilishuka kabla ya kituo changu. Mara ya tatu niliketi, nikashukuru, nikaliwekea tumbo mkono kama mjamzito kweli, na usiku huohuo nikaanza kuuliza bei.

Nilikopa sacco shilingi 420,000. Kwenye fomu, mahali pa sababu ya mkopo, niliandika karo. Mungu anisamehe.

Niwaeleze jinsi kazi hii inavyofanywa, maana kwenye picha za kabla na baada haionekani. Unakatwa chini ya kitovu kutoka nyonga hii hadi nyonga ile. Ngozi inainuliwa juu kama shuka, misuli iliyoachana inashonwa pamoja, ngozi iliyozidi inakatwa na kutupwa, kitovu kinatobolewa mahali papya. Unatoka na mirija miwili ya kutoa maji na damu, na siku za kwanza unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Na ukishika mimba tena, kazi yote inaweza kufumuka.

Lakini hebu niirudie hiyo misuli. Tatizo langu kubwa halikuwa mafuta. Mimba huachanisha misuli miwili ya mbele ya tumbo, na kwa wengine haikutani tena vizuri. Jilaze chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza vidole juu na chini ya kitovu. Ukihisi bonde katikati, hiyo ndiyo hali yenyewe, na mtu wa kumwona kwanza ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mazoezi yake ni ya polepole na yanachosha roho, wala hayawasaidii wote kwa kiwango kimoja. Mimi sikuyajaribu hata siku moja. Hakuna aliyenitajia, nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kununua.

Kovu ndilo lililonifundisha adabu. Mwezi wa tatu lilianza kuwasha. Mwezi wa sita lilikuwa limevimba, gumu, linang'aa, limevuka mpaka wa kisu, hasa upande wa kulia. Keloidi. Joto la Kisumu likipanda mchana, ungeniona ofisini nimesimama nyuma ya kabati nikijikuna. Kinachoniuma ni kwamba sikio langu la kushoto lina keloidi ya tangu nilipotobolewa nikiwa darasa la saba, kubwa kama punje ya mahindi, na kila mtu kwenye ile kliniki aliliona. Hakuna aliyeniuliza. Sisi wenye ngozi nyeusi tunapata makovu haya kuliko wengine, na ukishapata moja, jingine linakuvizia. Sasa nachomwa sindano za steroidi ndani ya kovu. Limelala kidogo. Hizo sindano, jamani, nisizizungumzie.

Siwaambii msipasuliwe. Binamu yangu alipunguzwa matiti kwa sababu mgongo na mabega vilikuwa vinamuua, leo anatembea wima na sijamsikia akijuta. Ila kama umeamua, uliza mambo ambayo mimi niliona haya kuuliza. Tafuta jina la daktari kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC, ambayo ipo wazi kwenye tovuti yao, uone kama kweli ni bingwa wa upasuaji wa plastiki. Uliza nani atakulaza usingizi, na mambo yakiharibika utakimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi cha wapi. Onyesha makovu yako ya zamani hata kabla ya kuulizwa. Na kama unachotaka ni kuhamishiwa mafuta makalioni, jua kwamba mwaka 2018 vyama vya wapasuaji vya kimataifa vilitoa onyo kuhusu upasuaji huo tu, vikikadiria kifo kimoja kwa kila 3,000, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa yanakwenda moja kwa moja moyoni na mapafuni. Oktoba 2024, mwanamke alipofariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, watu walimsema vibaya sana mitandaoni. Mimi nilizima simu. Angeweza kuwa ni mimi.

Tena mwambie mtu wako. Baba watoto aligundua kwa ule mkanda, niliouanika nyuma ya shuka nikidhani hauonekani. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ungekufa Nairobi, mimi ningekuja kukutafuta Naivasha?"

Aliyenigusa zaidi ni Dani, nyanya yangu aliyenilea. Nilikuwa naoga kwake, mlango wa bafu la mabati haufungi, akaingia kuniletea maji moto. Akaona. Akalifuata kovu kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akauliza ni nani alinipasua na mtoto yuko wapi. Nikamweleza, nusu kwa Kijaluo nusu kwa machozi. Dani hana meno sita ya chini. Aling'olewa akiwa msichana, nak, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo enzi hizo, alama ya kwamba umekuwa mtu mzima na wewe ni wa watu fulani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi walining'oa ili nifanane na watu wa kwetu. Wewe ulitaka kufanana na akina nani?"

Nilikumbuka picha niliyokuwa nimeihifadhi kwenye simu, ya msichana nisiyemjua hata jina, ambaye huenda hajazaa. Sikuweza kumtaja.

"Uliumia?" akauliza. Sana, nikamwambia. "Hata mimi," akasema, akanimiminia maji mgongoni.

Picha ile nimeifuta. Naoga taa ikiwa imewashwa, jambo dogo ambalo lilinichukua karibu mwaka mzima. Nguo nashonewa na fundi wa Kibuye, ananipima nilivyo leo, na ukanda wa sketi anauweka juu ya kovu bila kuniuliza maswali. Sitadanganya kwamba nalipenda hili tumbo. Tumezoeana, kama watu waliokaa nyumba moja muda mrefu, siku nyingine hatusemezani.

Mkopo uliisha Machi 2025. Ujumbe wa sacco ulipoingia nilimsomea baba watoto kwa sauti. Akaendelea kuchambua samaki wake, kisha akauliza, "Kwani ni karo ya mtoto gani hiyo imeisha?"