Upepo wa Makambako kwa umeme wa shambani: jibu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza kama upepo wa Makambako, ule wa vumbi la kiangazi, unatosha kuwasha nyumba na kuendesha pampu ya shamba bila kununua sola. Mimi ni fundi umeme, nazunguka Mafinga, Makambako hadi Njombe, na vinu vidogo vya upepo nimevifunga na kuvifungua. Upepo upo, tena mzuri. Ila sio kila upepo unaopiga bati unazalisha umeme.

Nguvu ya upepo inategemea kasi kwa kipeo cha tatu: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inapanda mara nane. Kinyume chake ndiko watu wanakoumia. Kinu kilichoandikwa wati 1,000 kwenye boksi mara nyingi kimepimwa kwa upepo wa mita 12 hivi kwa sekunde. Ukishuka hadi mita 6, na bado utauona una nguvu, unaambulia kama wati 125. Taa, simu na redio, basi. Pampu sahau.

Halafu kuna miti. Mteja mmoja alifungiwa kinu juu ya paa na aliyemuuzia, na upande wa kusini mashariki, upepo unakotokea, kuna mstari wa mikaratusi. Nilipopanda nikakuta mkia unayumba huku na huku. Mapanga yanaanza kushika kasi, kichwa kinageuka, yanasimama. Kenchi zilikuwa zinatetemeka mpaka mama mwenye nyumba kahama chumba. Upepo ukishapita kwenye miti unavurugika, kinu hakijui kiutazame wapi. Tulikihamishia kwenye bomba refu la chuma, mbali na miti, tukalishika kwa waya pande nne. Kinu ni kilekile, lakini sasa betri zinapata chaji usiku.

Ukiamua kufunga, zingatia hili. Mapanga yanazungusha sumaku kwenye koili za shaba, umeme unatoka kwa nyaya tatu. Kabla ya kupanda juu kwenye kinu, ziunganishe zote tatu pamoja: jenereta inajipiga breki. Na betri zikijaa usikate waya kama kwenye sola, kinu kisicho na mzigo kinakimbia mpaka kinajivunja. Lazima kuwe na hita ya kula umeme wa ziada. (Wauzaji wengi hiyo hita hawaitaji kabisa, sijui kwa nini.)

Pale Mufindi kuna vinu vitatu vikubwa vya Mwenga, mradi wa umeme wa huko, kila kimoja kilowati 800, jumla megawati 2.4, vilivyoanza kazi 2020. Havikuwekwa peke yake. Vinashirikiana na mtambo wa maji wa megawati 4: kiangazi mto unapungua huku upepo unakaza, masika mto unajaa na upepo unalegea. Hapo kuna akili.

Wewe huna mto, kwa hiyo mwenzake upepo awe sola. Jua mchana, upepo usiku. Masika vyote viwili vinapungua, kwa hiyo paneli zihesabu kwa siku za mawingu, sio za Septemba. Na kwa kuwa unamwagilia kiangazi, pampu usiihangaikie na upepo wala betri: ifunge moja kwa moja kwenye paneli ijaze tenki mchana, jioni unafungulia maji.