Kabla ya kubandika kapeti jipya kwenye Roadster, tafuta maji yanakoingia

SWALI: Fundi, nina Mazda Roadster ya mwaka 2001, kale kagari ka siti mbili ka paa la kukunja, naitumia hapa Moshi. Makapeti yamechakaa, na kila masika gari linanuka uvundo hata nikipuliza marashi. Fundi mmoja anasema atabandika kapeti jipya juu ya lile la zamani kwa siku moja, halafu apake dawa dashibodi na siti za ngozi zing'ae kama mpya. Nimkubalie?
Msomaji, Soweto, Moshi

JIBU: Usimkubalie, ndugu yangu. Na kama ameshachukua hela ya gundi, mwachie hiyo hela, wewe ondoka na gari lako.

Kila masika yakianza naletewa hapa Arusha magari yenye kapeti mbili, mengine tatu, moja juu ya jingine. Nikivua la juu nakuta gundi imelishikanisha na la chini yamekuwa kitu kimoja. Chini yake, ile felti ya kijivu, kitambaa kinene cha chini ya kapeti, iliyotoka na gari kiwandani imelowa kiasi kwamba ukiikamua kwa mkono maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Pembeni ya boliti za siti rangi imevimba mapovu, na povu ukiligusa kwa bisibisi linapasuka na kumwaga unga wa kutu. Mwenye gari anashangaa, maana juu palikuwa pakavu.

Watu wanadhani kapeti ndilo linalonuka. Kapeti la gari ni nyuzi za plastiki, likianikwa linakauka upesi. Inayonuka ni felti iliyo chini yake, na felti hainuki bila maji. Kwa hiyo swali la kwanza ni maji yanaingilia wapi, na fundi asiyeuliza hilo hajui kazi aliyoishika.

Kwa Roadster ya paa la turubai mimi huanza nyuma ya siti. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai hukusanywa na mfereji na kupelekwa kwenye matundu mawili, moja kila upande, karibu na pale mkanda unapotokea. Kutoka hapo hupita ndani ya mpira mpaka chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Sasa ukiegesha chini ya mjakaranda, maua na vijani huingia, vikachanganyika na vumbi, tundu likaziba. Maji yakikosa njia hufurika ndani na kutuama sakafuni. Chukua kikombe cha maji, mimina taratibu kwenye tundu, mwenzako achungulie chini ya gari. Yasipotoka, zibua kwa ule uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi. Usiingize waya wa chuma, utatoboa mpira. Upepo wa kompresa nao usiutumie, unaweza kuchomoa mpira mahali ambapo mkono haufiki.

Matundu yakiwa mazima, tafuta kwingine. Bomba la kutolea maji ya AC likiziba hulowesha upande wa abiria. Kapeti likinata na kutoa harufu tamutamu, hayo ni maji ya rejeta yanavuja kwenye hita.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi. Mafundi siti wengi wa Arusha, mimi nikiwemo, tumekulia kwenye Land Cruiser za watalii. Sakafu yake imefunikwa kwa mpira au reksini. Dereva akirudi kutoka Serengeti na vumbi lake, anapiga maji, anafuta, yamekwisha. Na hata bati la sakafu likiliwa na kutu, chini yake kuna chesisi iliyobeba gari. Fundi maiko, yule wa kubahatisha, anayachukua mazoea hayo na kuyapeleka kwenye Roadster, ambayo haina chesisi ya namna hiyo. Sakafu na kingo za chini ya milango ndizo zinazobeba gari, tena kwa kazi nzito zaidi kwa sababu juu hakuna bati la paa la kusaidia. Siti yako imefungwa kwenye sakafu hiyohiyo. Anayekufunikia maji chini ya kapeti anakuozeshea kitu kinachotakiwa kukushika siku ya ajali.

Kazi yenyewe ni ya siku kadhaa, na nyingi kati ya hizo ni za kukausha. Betri ya Roadster iko kwenye buti. Ifunguliwe waya kwanza, msubiri dakika kadhaa kabla ya mtu kugusa soketi yoyote ya manjano, maana hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama. Siti na konsoli ya katikati vitoke, kapeti livuliwe zima bila kukatwa. Hata kama limechanika usikubali litupwe, kwa sababu ndilo ramani ya kukatia jipya. Kapeti la kiwandani lilifinyangwa kwa joto kufuata mwinuko wa katikati ya gari, na umbo lile halikatwi kwa kukisia. Kutu isuguliwe mpaka bati safi lionekane, ipigwe praima na rangi. Felti iliyooza itupwe, iwekwe felti mpya. Sponji ya godoro hapana kabisa; inakunywa maji na haiyaachii.

Kwenye matundu ya boliti, ukiona fundi ameshika drili, mzuie. Drili hukamata uzi wa kapeti na kuuvuta, ukabaki mstari mtupu kuanzia mlangoni mpaka kwenye gia. Tundu litobolewe kwa ncha ya chuma cha moto, kile cha kulehemea waya. Kingo zinayeyuka kidogo na hazifumuki.

Hiyo dawa ya kung'arisha, achana nayo. Mara nyingi ni mafuta ya silikoni: dashibodi inang'aa mpaka kivuli chake kinakaa kwenye kioo cha mbele, na ngozi ya siti ikija kuhitaji rangi, rangi haishiki. Sabuni laini, brashi laini na kitambaa chenye unyevu vinatosha.

Hata wewe mwenye Vitz au Noah, hili la kapeti juu ya kapeti linakuhusu, kwa sababu linainua sakafu chini ya pedali. Mwaka 2009 kampuni ya Toyota ilitangaza kurudisha magari takriban milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu mkeka wa sakafuni uliweza kunasa pedali ya mafuta. Huo ni mkeka wa kuweka na kutoa. Wewe unabandikiwa kapeti la nyumbani kwa gundi ya viatu, gundi inayolegea gari likishinda juani. Siku likijikunja chini ya pedali ya breki unashuka kutoka Marangu kwenda Himo, utafanyaje? Na kapeti la nyumbani halikutengenezwa kwa vipimo vya moto vya magari. Kanuni namba 302 ya Marekani, kwa mfano, inataka vitambaa na makapeti ya ndani ya gari yasiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi yeyote, kaa kwenye siti gari likiwa limezimwa, kanyaga pedali moja moja mpaka mwisho, halafu iachie polepole. Ikigusa kapeti hata kidogo, livuliwe na kukatwa upya palepale, hela yako ikiwa bado mfukoni.