Nikisinzia kwenye mkesha, Bwana akija ntaachwa?

SWALI: Shalom mtumishi. Mi ni mama nauza viazi hapa Uyole, Mbeya, naamka saa tisa usiku kuwahi mzigo. Mkesha wa Ijumaa ikifika saa sita nasinzia tu, na mzee mmoja wa kanisa kasema anayesinzia hayuko tayari. Nna hofu kweli.

JIBU: Shalom mama, pole na kazi. Hebu fungua Mathayo 25 mstari wa 5, kwenye mfano wa Yesu wa wanawali waliomngoja bwana arusi na taa zao, bwana arusi alipokawia wale wanawali wote kumi walisinzia wakalala, wenye busara na wapumbavu, hakuna aliyebaki macho! Kilichowatenganisha ni mafuta ya kuwashia zile taa, watano walikuwa na akiba na watano hawana, na usiku wa manane hakukuwa na wa kumgawia mwenzie. Kwahiyo we jiulize habari ya mafuta, maana imani ya mchungaji wako haikubebi siku hiyo.

Alafu Luka 12, mtumwa aliyeitwa heri ni yule bwana wake alimkuta kazini, anawapa wenzie posho kwa wakati. Kazini kwako ni pale sokoni mama. Debe lako likoje, kitako kimebonyezwa ili mteja apate pungufu? Jirani wa meza mliyenuniana mmeshaongea? Hapo ndo pa kukesha kwelikweli, na naliogopa debe lililobonyezwa kuliko usingizi wako.

Mkesha usiache, unatia nguvu. Ijumaa mchana lala kidogo, na ukizidiwa simama uombe umesimama.