Kabla hujalipia meza ya pool, ingiza mkono chini yake

Juzi usiku nikiwa nahesabu sarafu, ukaingia ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Kilwa Masoko. "Shikamoo kaka. Mimi msomaji wako wa siku nyingi. Ufuta mwaka huu umetulipa, nimebakiwa na milioni tatu. Kuna mtu Dar ananiuzia meza mbili za pool, mpya kabisa, milioni moja na laki nne kila moja, usafiri juu yake. Unanishaurije?" Akaambatanisha picha. Meza zinang'aa, miguu imechongwa kama ya simba, kitambaa cha bluu.

Nikaikuza picha mpaka kwenye shimo la kona. Pale rangi ilipoishia, ubao ulionekana wa kahawia, laini, hauna nyuzi wala tabaka, kama keki iliyokatwa kwa kisu kikali. Moyo ukanilipuka. Keki hiyo naijua. Niliila mwenyewe, na shemeji yangu akaila pamoja nami, na hadi leo hatujaimaliza kuicheua.

Mdogo wangu nilimjibu kwa kifupi usiku ule ule. Ila najua hayuko peke yake, maana ninyi mnaonisoma wengi mnaota kile kile nilichokiota mimi: kitu kisichokula, kisichodai mshahara, kinachoingiza hela wewe ukiwa umelala. Kwa hiyo leo nasimulia yote, hata yale yanayoniaibisha.

Mwaka 2016 nilikuwa na banda la chipsi Makorora, hapa Tanga. Jirani yangu alikuwa na meza moja tu ya pool, na kila jioni nilikuwa nasikia sarafu za mia tano zikidondoka kwenye sanduku lake, kling, kling, mimi nikiwa na mafuta ya moto mkononi. Ile sauti ilinitoa usingizi. Nilikuwa na akiba ya milioni moja na nusu, shemeji akaniongezea milioni, nikapanda basi la Dar.

Muuzaji jina lake silitaji, na duka silitaji. Aliipiga meza ngumi katikati, akaniambia, "Hii ni imara kama jiwe, bosi." Nikafurahi. Ile "kama" sikuisikia vizuri. Nikalipia mbili.

Miezi mitano ya mwanzo haina hadithi. Hela iliingia, nikanunua friji. Hadithi inaanza na masika ya 2017.

Aliyekaa pwani anajua unyevu ukoje. Chumvi inalowa ndani ya kopo. Viatu vya ngozi vinaota koga kabatini. Kiberiti unakwangua mpaka kichwa kinakatika. Sasa weka ndani ya hali hiyo meza ya MDF, yaani nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa moto mpaka zikawa ubao. Juu imepakwa rangi, ndiyo, lakini kwenye kingo, ndani ya mashimo na kwenye matundu ya skrubu imeachwa wazi, inakunywa. Mbao ya kawaida ikinywa maji huvimba, ikikauka inarudi, hata kama si sawasawa. MDF ikivimba, imevimba. Haina pa kurudi kwa sababu umbo lake lilikuwa la kulazimishwa tangu mwanzo.

Kwangu kilianza kimlango cha kutolea mipira, kikagoma kufunguka. Nikakikwangua kwa msasa, nikajiona fundi. Wiki ya pili skrubu zinazoshika kingo za raba zikaanza kuzunguka bure, hazishiki, na mpira ukigonga ukingoni badala ya kusema "pa!" unasema "pu", kama mtu aliyepigwa kofi akiwa amevaa kofia. Kisha uwanja wenyewe, ule ubao mipira inapotembea, ukanyanyuka karibu na mashimo ya kona, kama nusu sentimita. Nusu sentimita ni ndogo kwenye mlango. Kwenye meza ya pool ni mlima.

Usiku mmoja mvuvi fulani, mteja wangu wa kila siku, amebakiwa na mpira mweusi tu, ule wa mwisho, na elfu kumi iko mezani. Akapiga taratibu, pigo zuri, mpira ukaelekea shimoni kwa adabu zote. Ulipofika karibu ukasita, ukageuka, ukatembea upande upande kama kaa, ukaenda kusimama katikati ya ukingo. Banda zima kimya. Yule mvuvi akaweka fimbo chini, akasema, "Bosi, meza yako ina jini."

Jina likaganda. Meza ya jini. Watoto wa shule walikuwa wakipita wanachungulia. Jirani yangu hakusema kitu, alicheka tu kwa pembeni, na wateja wangu wakahamia kwake mmoja mmoja. Kwenye shughuli ya familia, mbele ya wakwe, shemeji akaulizwa biashara inaendaje, akajibu, "Hela yangu imeliwa na jini la Makorora." Watu wakacheka sana. Nami nilicheka. Miaka imepita na bado nakumbuka nilikuwa nimeshika sahani ya pilau mkono gani.

Na makosa mengine yalikuwa yangu, siwezi kumbebesha muuzaji yote. Nilidhani dawa ya unyevu ni kufunika, nikanunua nailoni nzito, nikawa nazivika meza kila usiku na kuzifunga kamba. Asubuhi moja naifunua, harufu ikanipiga kama belo la mitumba lililolowa. Kitambaa kimeota madoa ya kijivu. Unyevu niliodhani nauzuia nje nilikuwa naufungia ndani. Kosa la pili, nilimwita fundi apige randa pale palipovimba. MDF haipigwi randa ikiwa imelowa. Ilitoka manyoya kama pamba, na tukabaki na shimo pale palipokuwa na mlima. Meza zile mbili niliishia kuzigeuza, moja ikawa ya kukatia viazi. Msemo wa rahisi inavunja upishi, mimi nilivunjiwa upishi halafu nikakatiwa viazi juu yake.

Baadaye nikaanza kusoma, jambo ambalo ningelifanya kabla. Kumbe haya si mageni. Biliadi, mchezo ulioizaa pool, ilichezwa miaka mingi juu ya mbao, na mbao zilikuwa zikiwapindia hivyo hivyo, mpaka John Thurston wa London alipoanza kuweka uwanja wa jiwe mwaka 1826. Waingereza wakaliona mwaka 1826, mimi nikaliona 2017. Jiwe lenyewe ni lile la kijivu cha giza linalopasuka kwa tabaka, ndugu wa ubao wa kuandikia wa shule za zamani. Linachimbwa Italia, Brazili, Uchina. Halinywi maji, au tuseme linakunywa kidogo mno kiasi kwamba mpira hautajua.

Langu nililipata kwenye hoteli moja ya ufukweni iliyofungwa, wanauza vitu vyao. Meza ilikuwa takataka: kitambaa kimechanika, miguu imeliwa na mchwa, sanduku la sarafu limeoza kwa kutu ya chumvi. Nikalala chini, nikaingiza mkono. Baridi. Nikagonga kwa kucha, ikalia kama kigae. Jiwe zima, kipande kimoja, unene wa milimita 19. Nikatoa laki saba bila kupunguziwa hata mia. Vijana wanne walilinyanyua kwa shida, maana lilipita kilo 100. Tukalisimamisha kwa ubavu kwenye kirikuu, limebanwa na magunia ya makumbi, kwa sababu jiwe hilo ukililaza bila kulishikilia vizuri, tuta moja tu la barabarani linatosha kulikata vipande viwili.

Fremu nilimpelekea mzee mmoja seremala wa Muheza, na hapa ndipo nilipofundishwa subira kwa nguvu. Tulinunua msaji, ule unaopandwa pale Longuza. Nilitaka meza baada ya wiki mbili. Mzee akaushika ubao, akaugonga, akasema, "Huu bado unalia, mwanangu. Uache unyamaze." Akazipanga mbao kivulini, katikati akaweka vijiti hewa ipite, akaziacha miezi mitatu. Nilimpigia simu kila Jumatatu. Kila Jumatatu alinijibu kwamba mbao haina saa. Alichokuwa anangoja ni mti uzoee hewa ya huku, ujikunje na kujipinda ukiwa bado ubao, usije ukajipinda ukiwa meza. Mninga nao hutulia vizuri, na mkongo, kama mfuko unaruhusu. Paini laini ya bei rahisi, kwa pwani yetu yenye mchwa, usinitajie.

Aliunga kwa ulimi na tundu, skrubu zote za shaba, na chini ya jiwe akapitisha mihimili mitatu, kwani jiwe lisiposhikiliwa katikati nalo huchoka. Chini ya miguu tukaweka vipande vya vigae, sakafu ya saruji isipandishe unyevu kwenye mti.

Meza hiyo ilianza kazi 2019. Kitambaa nimebadilisha mara nyingi, raba mara mbili, pima maji naweka kila msimu unapogeuka. Jiwe sijaligusa. Wachezaji wanatoka Pongwe, wengine Muheza, wanapita meza njiani kuja kwangu, na siwezi kuwadanganya kwamba sijivuni.

Kitambaa ndicho kinachobaki kusumbua, hata juu ya jiwe. Kimefumwa kwa sufu, manyoya ya kondoo, na sufu inaweza kubeba unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake, na ukiigusa unasema imekauka. Mpira ndio unaokwambia: asubuhi za masika unakuwa mzito, ukipiga ukingoni unarudi kwa pembe fupi. Wenzetu wa Ulaya wanaocheza ile biliadi isiyo na mashimo hupasha jiwe kwa umeme. Mimi nimefunga taa mbili za wati 60 chini ya meza, zile za zamani zinazochemka, naziwasha usiku mvua zikikolea. LUKU inalia kidogo. Kufunika nafunikia shuka la pamba. Na meza isikae mbele ya mlango. Jua likipiga raba kila alasiri, inakuwa ngumu kama soli.

Vijana, nisikilizeni. Mnapenda kinachong'aa. Mnauliza bei, mnauliza rangi, mnauliza kama ina taa za pembeni, na hamuulizi imetengenezwa kwa nini. Mnakopa kwa ndugu kabla hamjainama kuangalia. Uliza jiwe. Akikwambia "ni kama jiwe", uliza tena. Pesa ya meza mbili za MDF nunua moja ya jiwe, hata kuukuu, hata iliyoliwa miguu, miguu inachongwa. Na ukihitaji ushauri, usiende kwa anayeuza. Nenda kwa aliyepata hasara, huyo hana cha kukuficha.

Shemeji alikuja Idd iliyopita. Alicheza michezo mitatu, akashinda miwili, akapitisha kiganja juu ya kitambaa polepole kama anayetafuta kitu. Hakusema neno. Ile milioni yake nilishamrudishia zamani, ila lile neno la mbele ya wakwe bado hajalirudisha.

Yule wa Kilwa nilimwandikia hivi: "Mdogo wangu, usilipe. Mwambie muuzaji afungue kimlango cha sarafu, apige picha ya chini ya uwanja, rangi isipofika. Ukiona tabaka ni plaiwudi, ukiona kijivu cha giza ni jiwe, ukiona keki kimbia."

Jibu lake lilikuja asubuhi, nikiwa nafungua banda.

"Kaka, anasema chini hakupigwi picha."