Walimu wapya, angalieni tarehe kabla hamjafowadi

Juzi nimemwona kijana wetu mmoja wa mazoezi anahangaika na waya wa projekta dakika kumi na nane nzima, wanafunzi wanamwangalia tu, na nyuma yake kuna ubao msafi na chaki mbili mezani. Nikataka kuingia nikajizuia. Jioni mwenzake katupia habari kwenye grupu la darasa, nikamuuliza umeisoma, anasema kasoma kichwa cha habari. Hapo ndo nikasema hapana, hawa wadogo zangu nawapenda, ngoja niandike.

1. Andaa kipindi kama vile umeme haupo. Na kilichopo kwenye flashi kiwe na nakala sehemu nyingine.

2. Ubao msiudharau kwa sababu ni wa zamani. Mwaka 1913 Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, ambaye naye alikuwa kwenye biashara ya filamu, alitabiri kwamba vitabu vitaondoka mashuleni muda si mrefu na watoto watafundishwa kwa sinema. Ikaja redio, ikaja TV, ikaja kompyuta, kila mara maneno ni yaleyale na vitabu bado tunavyo. Ukifanya hesabu ubaoni mwanafunzi anakuona unavyofikiri, unakwama, unafuta, unarudi mstari wa juu, wakati slaidi inamletea jibu limeshaiva. Kuna binti mmoja alikuwa haandiki chochote nikiwasha projekta, ila nikishika chaki tu anafungua daftari, siku moja nikamuuliza kulikoni, akasema mwalimu ukiandika wewe na mimi napata muda wa kuandika. Tangu siku hiyo slaidi natumia kwa picha na ramani tu, maelezo naandika kwa mkono.

3. Grupu la darasa. Hii sijawahi kuwasimulia.

Nilikuwa mwalimu wa darasa na mimi ndo admini. Saa nne na nusu usiku nasahihisha madaftari, nimechoka, ikaingia skrinshoti ya tangazo kwamba karatasi ya mtihani ya kesho imeahirishwa, ina nembo, ina mhuri, ina sahihi. Aliyenitumia ni mwalimu mwenzangu ninayemheshimu sana. Juu ya ujumbe kulikuwa na vile vishale viwili vya kuonyesha umefowadiwa mara nyingi, niliviona kabisa. WhatsApp tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaruhusiwa kwenda chati moja tu kwa wakati mmoja, ili mtu apunguze mwendo afikirie, na mimi hiyo nafasi moja nikaitumia kwa watoto 41. Sikuuliza, sikupiga simu. Zikaanza kuingia asante mwalimu, asante mwalimu, nikaweka simu chaji nikalala.

Lile tangazo lilikuwa la kweli, na hapo ndipo nilipopotea. Mhuri wa kweli, sahihi ya kweli, ila la mwaka uliopita, na aliyepiga skrinshoti alikata kipande cha juu chenye tarehe. Alfajiri saa kumi na moja mwenzangu anaandika samahani ile ni ya zamani. Nikakimbilia kufuta kwa wote, muda wa kufuta wa enzi hizo umeshapita, na hata ingefutika, walikuwa wameshawatumia wenzao wa madarasa mengine. Nikaanza kupiga simu mmoja mmoja, wengine zimezimwa.

Saa mbili nikahesabu viti, vinne vitupu. Watatu wakaja wanahema, wakaruhusiwa. Wa nne alifika saa nne, ametulia kabisa, daftari mkononi, anajua amekuja kujisomea. Nilimkuta getini. Akatoa simu akanionyesha, "si wewe uliyetuma mwalimu?" Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. Karatasi ile aliifanya mwaka uliofuata. Nilienda kwao kuomba radhi, baba yake akanikaribisha vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema yameshapita mwalimu, na ule upole wake uliniuma kuliko kama angenifokea.

Wale watoto hawakuliamini tangazo, waliniamini mimi. Picha ileile ingetoka kwa mtu wasiyemjua wangeulizana kwanza. Wadogo zangu, jina lako kwenye grupu ni mhuri tosha, na hakuna mtoto atakayekagua kitu alichotumiwa na mwalimu wake. Kwa hiyo fungua habari yote, tafuta tarehe, piga simu kwa anayehusika, ukikosa jibu lala nayo hadi asubuhi. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 2018 walichapisha uchambuzi wa habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter, wakakuta ya kweli inachukua muda karibu mara sita zaidi ya ya uongo kuwafikia watu 1,500, na wanaoukimbiza uongo hasa ni watu, si programu zinazojitumia zenyewe.

4. Fundisheni kusoma habari kwa gazeti la karatasi kwanza, kisha simu. Gazeti lina tarehe juu ya ukurasa, hata likichanika kipande hicho bado kinakwambia ni cha lini, ila kwenye simu habari ya miaka mitano iliyopita inakuja na sura ileile ya habari ya leo asubuhi. Wawekeeni vyote viwili mezani waone wenyewe.

5. AI, yaani akili mnemba, programu kama ChatGPT zinazokuandikia kazi: mwanafunzi akileta kazi unayoitilia shaka usianze kufoka, mwambie akuonyeshe chanzo kimoja tu mkisome wote. Mwaka 2023 mawakili New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, na wale ni watu wazima wenye leseni.

Wewe wa projekta, kesho kipindi cha kwanza nitakaa nyuma ya darasa lako. Waya uache ofisini, njoo na chaki.